Chumvi ya Madoa

9 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu wasichana wako wawili. Kaka namweka mwisho, kwa sababu yeye alikuwa hapa juzijuzi na salamu zake alizila pamoja na chakula changu cha siku mbili. Mimi ni mzima, ila miguu inavimba jioni. Wodi ya wazazi imejaa hadi tunalaza wawili wawili kitanda kimoja. Bomba la chumbani kwangu bado linadondoka kama ulivyoliacha ulipokuja kunitembelea. Fundi anasema atakuja. Nadhani atakuja na mkongojo.

Macho ya mama yanaendeleaje? Yale matone anayatia, au anayaficha chini ya mto kama ilivyo kawaida yake? Hakikisha anapata kikombe chake cha maziwa asubuhi na jioni. Meno yamemwisha, maziwa ndiyo nyama yake.

Sasa jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba Madoa amepunguza maziwa, anatafuna mifupa ya jalalani na amekula taulo kwenye kamba ya nguo. La taulo lilinichekesha. La mifupa halikunichekesha. Nikamuuliza daktari wa mifugo ambaye mkewe alijifungulia kwetu. Akasema ng'ombe anayetafuna mifupa hana wazimu, anatafuta kitu ambacho hakimo horini. Mabua na pumba hujaza tumbo, basi. Ng'ombe wa maziwa kila siku anaikamulia ndoo madini ya mwili wake, na asiporudishiwa anaanza kujila mwenyewe kwa ndani. Nilimwelewa upesi, maana wanawake wa namna hiyo nawapokea hapa kila siku, mimba ya tano, meno yanacheza mdomoni.

Ndiyo maana nilimpa kaka ile mifuko miwili ya madini ya unga na lile jiwe la kulamba, avilete kwa lori lake. Midomo ya mifuko niliishona mwenyewe kwa uzi wa bluu wa hospitali ili isimwagike njiani. Unga changanya na pumba wakati wa kukamua. Jiwe litundike pasiponyeshewa. Panda na lusina, ile miti ya majani ya kulisha, kando ya banda. Ila sikiliza vizuri hapa: ukishamkausha maziwa kusubiri kuzaa, unga huo mwachishe kabisa na lusina uipunguze. Mwili ukizoea kupewa bila jasho chokaa nyingi, ile iliyomo kwenye unga na lusina, unasahau kuichota mifupani, na siku ya kuzaa ng'ombe anaanguka. Akishazaa tu, mrudishie unga.

Mbona hujaniandikia hata neno kuhusu mzigo? Au umekufikia ukafurahi hadi ukasahau kuandika?

Wako kwa mapenzi na kwa kelele,
Wifi yako mkunga

6 Machi

Wifi,

Nimezipokea salamu zote, na za kaka yako nimempa. Wasichana hawajambo. Mkubwa ameanza kuinama kwenye mlango wa jiko. Mdogo anazomewa shuleni kwa pengo lake, naye anajibu kwa kutema mate kupitia hapohapo, na anapatia shabaha.

Mama hajambo kwa umri wake. Anakaa mlangoni, na kila gari likipita anauliza, "Ni mwanangu huyo?" Namwambia si yeye. Matone anatia. Maziwa anapata, ingawa kikombe cha jioni siku hizi nakijazia kwa uji.

Madoa ana mimba kubwa, na nimeanza kumkausha. Mgongo umetokeza na manyoya yamesimama. Anakula anachokuta. Ulivyoeleza kuhusu chakula chake nimekuelewa vizuri kabisa, hata kumkausha na lusina. Lusina nimepanda.

Kuhusu mzigo, aliyeubeba ndiye anayejua uzito wake. Barua hii anaisubiri yeye, amesimama hapa mlangoni na buti zake, lori linanguruma, anasema posta inafungwa. Basi naishia hapa.

Wifi yako

25 Machi

Wifi,

Natumaini wote ni wazima. Mimi nipo.

Nitasema bila kuzunguka. Kaka alipiga simu ofisini kwetu nikamuuliza kuhusu madini. Akasema mifuko imo stoo, wewe ndiye hutaki kuitumia. Anasema ulimwambia ng'ombe wa kwenu walikua bila unga wa hospitali. Nilisimama na ile simu sikioni, karani wa ofisi ananitazama, nikaona aibu kama mimi ndiye niliyesema.

Yule ng'ombe sikumnunua ili apambe banda. Nilimnunua kwa sababu mama hawezi kutafuna. Na wewe ndiye niliyekukabidhi, si kaka, kwa sababu nilikuona una mikono. Kama umechoka kumhudumia mama yangu na ng'ombe wake, sema. Kuliko kumwacha mnyama ale mataulo huku chakula chake kinalala stoo, sema tu, wifi. Mimi si mtoto.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mengine sitaandika leo.

Mkunga

30 Mei

Wifi,

Nimekaa muda bila kujibu. Nilianza mara kadhaa na kila mara kalamu iliandika kitu ambacho mwanamke hapaswi kumwandikia wifi yake. Salamu zako zimefika. Wasichana ni wazima. Mama ni mzima.

Madoa amekufa.

Alizaa salama, ndama jike, mweupe kifuani. Mama alimpapasa ndama kuanzia masikio hadi mkia, akasema, "Huyu ni mtu." Tukacheka. Kesho yake asubuhi Madoa alikuwa anayumba kama mlevi. Alilala, na hakuweza kuinuka. Masikio yalikuwa ya baridi, shingo kaikunja ubavuni. Kaka yako alikuwa safarini, au ndivyo alivyosema. Nikamtuma msichana mkubwa kumwita daktari wa mifugo. Huku nyuma majirani wakaja na ushauri wao, kila mmoja na chupa yake ya kumnywesha.

Daktari alipofika aliwafukuza wote. Akamtia dawa ya mshipani, polepole, huku akimsikiliza moyo. Haukupita muda Madoa akatikisa kichwa, akajisaidia, akasimama. Watu walipiga makofi. Daktari hakupiga. Aliniuliza, "Mlikuwa mnampa madini?"

Nikasema, "Tulitumiwa."

"Sikuulizi mlitumiwa. Mlikuwa mnampa?"

Nikasema hapana. Akaniambia kwamba ng'ombe huyu ni debe tupu, dawa yake imemsimamisha leo lakini haijajaza mifupa iliyokwisha, na kwamba nisimkamue hadi mwisho siku hizi za kwanza. Akaahidi kuleta unga kidogo akipita tena. Hakuwahi. Kaka yako alirudi jioni, akasema ng'ombe asiyekamuliwa anaharibika kiwele, akachukua ndoo akamkamua mwenyewe hadi tone la mwisho. Nilimshika mkono. Akaniuliza nimesomea wapi. Siku ya pili yake Madoa akaanguka tena, na daktari alimkuta amekwisha kata roho, ulimi nje, ndama anamsukuma kwa pua.

Hapo daktari akamgeukia kaka yako. "Hayo madini mliyotumiwa yako wapi?" Mimi nikamtazama kaka yako. Watu wote wakamtazama. Yeye akatazama tairi la lori lake.

Sasa nitakwambia mimi yaliko. Barua hii haipiti mkononi mwake, naipeleka posta kwa miguu yangu.

Yako kwenye kinu cha kusaga. Mwezi ule ule wa pili nilikwenda kusaga, nikazunguka nyuma ya kinu kutafuta kivuli. Kuna nyumba ya mabati mapya na banda la sakafu ya saruji. Ng'ombe wawili wananawiri, manyoya yamelala kama yamepakwa mafuta. Jiwe la kulamba linaning'inia mahali pasiponyeshewa. Mfuko umepasuliwa ubavuni, na mdomo wake bado umeshonwa kwa uzi wa bluu. Mwanamke aliyekuwa akikamua alinisalimia kwa adabu. Yeye alijua mimi ni nani. Mimi ndiye nilikuwa sijui yeye ni nani. Koti la kaka yako la safari lilikuwa linakauka kwenye kamba. Kule ng'ombe hawali nguo.

Sikusema kwa sababu kumsema mume kwa dada yake ni kujivua nguo mbele ya ukoo mzima. Nikafikiri nitaokoteza: nikaomba maganda ya mayai kwa majirani, nikasaga, nikachoma mifupa nikaitwanga, nikamtia Madoa horini nilivyoweza. Chumvi ya jikoni nilimpa hadi wasichana wakala mboga chapwa. Haikutosha.

Uliniandikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu nililisikia lote. Aliyevunjika guu ni Madoa.

Wifi yako

18 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kufulia mashuka, maana hakuna pengine pa kukaa peke yangu. Nililia hadi mfuaji akadhani nimefiwa. Nikamwambia nimefiwa na ng'ombe. Akaniangalia, akanipa shuka moja nijipangusie.

Nimemwandikia kaka maneno makali. Sijui kama atayasoma. Pole sana, wifi. Maneno yangu ya mwezi wa tatu yasahau, nilidanganywa.

Lakini nakuomba usifanye jambo kwa hasira. Ndoa ya miaka yote hiyo haivunjwi kwa mifuko miwili ya unga. Wanaume ndivyo walivyo, wakichoka hurudi. Fikiria wasichana. Fikiria na mama, atabaki na nani? Na yule mwanamke usimwekee chuki sana, naye ni mtu, na mtoto wake bado ananyonya. Mkubwa ni wewe. Mkubwa ni jalala.

Ndama mlee kwa maziwa ya jirani hadi aweze majani. Nitatafuta madini mengine, na safari hii hayatapita mkononi mwa kaka.

Wako,
Wifi

3 Julai

Wifi,

Sina salamu nyingi leo.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikaikunja. Nikaifungua tena. Umesema mtoto wake bado ananyonya. Mimi sikukuandikia kwamba kuna mtoto. Nilikuandikia mwanamke, ng'ombe wawili na koti. Mtoto sikumwona, kwa hiyo sikuweza kukwambia.

Nikamuuliza kaka yako akiwa anakula. Alitafuna polepole, akameza, akasema, "Kwani dada hakukwambia? Mtoto kampokea yeye."

Basi nimejua. Alimpakia yule mwanamke kwenye lori, akamleta kwako, ukamlaza kwenye moja ya vile vitanda vyako vya wawili wawili, ukamkatia mtoto kitovu. Kisha ukaenda chumbani kwako ukaniandikia kuhusu bomba.

Nilidhani katika nyumba hii kuna mtu mmoja aliyenidanganya. Kumbe mlikuwa mnapokezana.

22 Septemba

Wifi,

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Mbili hukuzijibu. Sijui kama zilifika au ulizitia jikoni.

Huku mambo ni yale yale. Mvua imeingia wodini kupitia dari, tumesogeza vitanda upande mmoja. Fundi wa bomba alikuja, akalitazama, akaondoka na spana yangu.

Unataka niseme, nami nasema. Alishushwa mlangoni mwetu ana uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga hachagui mimba. Aliyemshusha alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Akaniambia, "Dada, hili liishie hapa." Likaishia hapo. Ulitaka nifanye nini, wifi? Nikuandikie, "Habari za wasichana, mumeo ana mtoto wa kiume"? Nani angenishukuru? Wewe? Wewe mwenyewe uliona jiwe la kulamba mwezi wa pili ukakaa kimya hadi ng'ombe akafa.

Nisamehe, hilo sikutaka kuliandika. Lakini sitalifuta.

Madini ya ndama nimempa daktari wenu wa mifugo mkononi alipokuja kwenye mkutano wao. Ameahidi kukufikishia yeye mwenyewe.

Niambie kuhusu mama. Nikimuuliza kaka kwenye simu anasema "yupo". Yupo wapi? Kaka ukimuuliza hili, hujibu lile.

Mkunga

14 Novemba

Kwako, dada wa mume wangu,

Barua zako zote zilifika. Sikuzichoma, niliziweka tu.

Madini daktari aliyaleta. Nashukuru. Ndama anakuwa mtamba mzuri, mgongo umenyooka, na mfupa akikutana nao njiani anaunusa na kuuruka. Kila siku naona Madoa angeweza kuwa hivi, na kila siku naingia ndani nikiwa na hasira mpya. Kuhusu ukimya wangu wa mwezi wa pili, umesema kweli. Nami sikufutii hilo.

Umeniuliza kuhusu mama. Mwezi wa nane kaka yako alirudi na lori tupu, akapakia kitanda cha mama. Mimi nilikuwa bandani. Nilipotoka nilimkuta mama ameshafunga nguo zake kwenye kitambaa, amekaa juu ya ndoo, amevaa viatu. Kumbe alijua tangu asubuhi. Nikamwambia, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Uji wako ni mzuri, mwanangu. Lakini kule kuna maziwa." Tangu Madoa afe nilikuwa nikimwombea maziwa kwa jirani, nusu kikombe, na siku nyingine hakuna. Nilimpandisha mwenyewe kwenye lori, maana kaka yako alikuwa anafunga kamba.

Miaka yote hiyo nimemwogesha. Lakini tuyaache.

Wiki iliyopita nilikuwa nakata majani, nikaona mwanamke amesimama penye uzio, mtoto mgongoni. Nikamjua kabla hajafunua mdomo. Akasema, "Dada, nisamehe kuja hapa. Ng'ombe wangu amezaa jana, leo hasimami. Shingo kaikunja."

Nikamuuliza, "Mume wetu yuko wapi?"

"Ameondoka tangu juzi. Ameniambia safari."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Naye akainamisha kichwa, nikaona kwamba ameanza kujua safari za kaka yako zina njia ngapi.

"Wakati ulipomkausha ulikuwa unampa nini?"

"Unga ule ule. Na lusina, nyingi. Alisema nisimbanie, kingi ndicho kizuri. Unga umeisha wiki hii hii aliyozaa."

Unaona, mkunga? Maelezo yako ya kumwachisha unga wakati wa kukausha na kumrudishia akishazaa yalikuja kwangu kwa barua. Unga ukaenda kwake kwa lori. Mimi nilikuwa na maneno bila chakula, yeye chakula bila maneno, na ng'ombe wote wawili wakaanguka.

Ningeweza kumwambia arudi kinuni akamngoje mumewe. Sitakudanganya, nililionja neno hilo ulimini na lilikuwa tamu. Lakini ng'ombe hana mke mwenza. Nikamwambia msichana mkubwa akimbie kwa daktari, nami nikamfuata yule mwanamke.

Bandani nilikuta majirani wamembinua ng'ombe ubavu, mmoja anataka kumnywesha soda. Nikawaambia watoke. Soda ingeingia kwenye mapafu. Tukamkalisha kifua chini, tukamwegemeza kwa magunia ya majani pande zote mbili ili asijae gesi, tukamsugua masikio na kumfunika. Mtoto alikuwa analia, mama yake ameshika gunia kwa mikono miwili. Nikamchukua mtoto nikamweka mgongoni kwangu. Ana uso wa wasichana wangu. Daktari alikuja, akatia dawa yake polepole, na ng'ombe akasimama. Safari hii daktari naye alicheka. Aliacha mfuko wa unga, akaniagiza nimweleze mwenye ng'ombe namna ya kumlisha. Nikamweleza yote, kama ulivyoniandikia wewe.

Yule mwanamke alikaa chini kwenye saruji akalia kama mtoto wake.

Nilikuwa nanawa mikono nje niliposikia mtu anasema, "Nani huyo? Hiyo sauti naijua." Mama alikuwa amekaa mlangoni, kwenye kitanda chake cha zamani, wamemsogezea hapo apate jua. Amenenepa kidogo. Macho sasa yamekwisha kabisa. Nikaenda nikamshika mkono. Akaupapasa hadi kwenye kiwiko, kama alivyokuwa akinipapasa asubuhi ninapomletea maji.

Akaniuliza taratibu, ili wengine wasisikie, "Umekuja kunichukua?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nimekuja kwa ng'ombe."

Mama wa wasichana wawili